Akiba ya Jikoni, Akiba ya Maneno: Msamiati wa Vyakula vya Kuhifadhi Mkoani Katavi

Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wameshughulika sana na msamiati wa bahari, wa dini na wa siasa na, tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, msamiati wa sayansi na utawala. Msamiati wa jikoni haukupata bahati hiyo. Neno la chakula huchukuliwa kuwa jambo jepesi, linalojulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo halichunguzwi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Jina la chakula cha kuhifadhi hubeba maelekezo: humweleza mpishi chakula hicho kimetokana na nini, kimekaushwa vipi, na kifanyiwe nini kabla ya kuliwa. Jina likipotea, maelekezo nayo hupotea.

Mfano utakaotumika ni Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Mkoa huu unafaa kwa sababu ni njia panda ya lugha. Humo wamo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wamo Wafipa, wamo Wasukuma waliohamia pamoja na mifugo yao, na zimo familia zenye asili ya Burundi zilizopewa makazi Katumba tangu mwaka 1973 na Mishamo tangu mwaka 1978, ambazo nyingi sasa ni za raia wa Tanzania. Reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi, iliongeza wageni wengine. Wote hao hukutana sokoni, na lugha ya soko ni Kiswahili. Kati ya vyakula vingi vilivyomo katika stoo za watu hao, vitatu vinatosha kwa hoja hii: asali, dagaa na viazi vitamu vilivyokaushwa.

Asali

Misitu ya miombo inayozunguka Inyonga, wilayani Mlele, ni nchi ya warina asali. Kiswahili kina nyuki, nta, sega na mzinga. Lakini jina la chakula chenyewe, asali, limetoka katika Kiarabu. Lugha nyingine za Kibantu zimebakiza jina lenye mnasaba na la mdudu: Kirundi kinachosikika Katumba humwita nyuki uruyuki, na asali huiita ubuki. Hata katika Kiswahili cha bara, pombe ya asali huitwa wanzuki, jina ambalo ndani yake shina la nyuki linasikika wazi.

Neno asali limebeba mambo mengi kwa pamoja. Asali ya nyuki wanaouma huwekwa katika masega. Asali ya nyuki wadogo, wasiouma, huwekwa katika vijungu vidogo vya nta. Ni nyepesi zaidi, ina maji mengi zaidi na ladha yake ina uchachu. Kwa mpishi hizi ni bidhaa mbili. Ya kwanza hukaa muda mrefu ikifunikwa vizuri, nayo hufaa kutiwa katika uji wa ulezi au kuliwa na viazi vya kuchemsha. Ya pili huchachuka upesi. Hununuliwa kidogo kidogo, na watu wengi huilamba kama dawa ya kifua. Mnunuzi wa mbali asiyeijua tofauti hii huonja uchachu wa asali ya nyuki wadogo, akadhani imeharibika.

Aidha, asali iliyoganda hushukiwa kuwa imechanganywa na sukari, ilhali kuganda ni tabia ya kawaida ya asali halisi. Dawa yake ni kuutia mtungi katika maji ya uvuguvugu hadi asali ilainike, bila kuichemsha. Ieleweke pia kwamba asali ya aina yoyote haimfai mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Dagaa

Katika Ziwa Tanganyika, kwenye mwambao wa Karema na Ikola, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hao ni wa ukoo mmoja na saradini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Viktoria si wa ukoo huo kabisa. Hao kwa nasaba ni wa jamaa ya ningu. Dagaa wa pwani nao ni wa bahari. Neno moja, basi, hutaja samaki wasiohusiana, kwa kuwa Kiswahili kimewapanga kwa udogo wao na kwa namna ya kuwakausha. Upangaji huo si kosa. Ni upangaji wa jikoni, nao una mantiki yake.

Hata hivyo jikoni hakuishii kwenye neno hilo moja. Soko limeongeza viambishi vya mahali: dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza. Anayesikia wa Kigoma huelewa kwamba ni dagaa wa Tanganyika. Na jina hilo halitaji Karema wala Ikola, ingawa ziwa ni moja na samaki ni wale wale. Hapo mvuvi wa Katavi hukosa sifa ya jasho lake kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya samaki. Jambo jingine ambalo jina halisemi ni mahali pa kuanikia. Dagaa walioanikwa mchangani huhitaji kuoshwa mara kadhaa. Walioanikwa juu ya vichanja huhitaji kuoshwa kidogo tu. Kisha hukaushwa katika kikaango kikavu hadi wanukie, ndipo hutiwa kitunguu, nyanya na mawese. Mawese yenyewe yapashwe kwa moto wa wastani, kwani moto mkali huyaondolea wekundu wake, na wekundu huo ndio wenye asili ya vitamini A.

Umuhimu wa akiba hiyo ulionekana mwaka 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo, kujua kukausha na kutunza dagaa ni sehemu ya riziki.

Michembe na matobolwa

Mfano wa tatu ndio wenye uzito zaidi. Kisukuma hutofautisha michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikaanikwa. Matobolwa yanaweza kutafunwa yalivyo, pamoja na chai. Michembe sharti ipikwe, na hupendeza ikichemshwa hadi ilainike, kisha ikatiwa karanga zilizosagwa au maziwa.

Kiswahili sanifu kingesema viazi vikavu kwa vyote viwili. Tafsiri hiyo ni sahihi kisarufi, lakini inamwacha mpishi gizani, kwani haimwambii kama chakula kilicho mbele yake kimeiva au hakijaiva. Mwanafunzi wa Mpanda anayeandika michembe katika insha yake yumo hatarini kupigiwa mstari mwekundu na kuambiwa kwamba hilo ni neno la kienyeji. Akilifuta, ameacha neno linalosema jambo, akachukua maneno mawili yasiyolisema.

Hitimisho

Usanifishaji ulioanza kwa kuiteua lahaja ya Kiunguja, na ulioendelezwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, uliipa Afrika Mashariki lugha moja ya kuandikia. Faida yake haibishaniwi. Lakini jiko la Unguja halikuwa na haja ya jina la kiazi kilichoanikwa kibichi, kwa hiyo halikulitoa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1981, imepokea maneno kutoka lugha nyingi za dunia. Lugha za Kibantu za bara zinastahili mlango huo huo.

Mapendekezo ni mawili. Kwanza, kitomeo cha chakula cha kuhifadhi kieleze mambo matatu: asili yake, namna kilivyohifadhiwa, na kinachopaswa kufanywa kabla ya kuliwa. Pili, wanafunzi wa leksikografia wapelekwe masokoni wakati wa mavuno na wakati wa njaa, kwa kuwa maneno ya akiba husikika zaidi majira hayo. Wenye kuyajua maneno hayo kwa ukamilifu ni wanawake wazee, na wao hawatangoji toleo lijalo la kamusi.