Habasoda na Mafua ya Mzio

Leo tunazungumzia habasoda, zile punje ndogo nyeusi zinazouzwa Zanzibar, Mombasa hata Muscat. Zifikiche kiganjani, utasikia harufu kali, ukitafuna, uchungu. Ndani ya mafuta yake mna kemikali iitwayo thaimokwinoni.

Mwenye mzio akivuta vumbi, seli fulani za kinga humwaga histamini: pua inawasha, chafya zinafululiza, macho yanatoka machozi. Maabarani, thaimokwinoni imeonekana kupunguza umwagaji huo, na pia kuzuia vimeng'enya vinavyotengeneza kemikali za uvimbe. Majaribio machache kwa watu wenye mafua ya mzio, yakiwemo ya Iran, yalionyesha nafuu kwa mafuta ya habasoda. Inatia moyo kweli, lakini ni majaribio madogo mno.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye pumu, usiache pampu yako kwa kutegemea mafuta haya. Nawe unayetumia dawa za kisukari, presha au za kuzuia damu isigande, na wewe mama mjamzito, mwoneni daktari kabla ya kunywa mafuta haya. Na mtu akivimba midomo au pumzi ikimbana, mkimbizeni hospitali mara moja.