Harufu ya Gari Jipya

Jirani yangu hapa Kisauni alinunua gari jipya. Nailoni za viti hakuzitoa, wala vioo hakuvishusha, ili ile harufu ya upya isipotee. Harufu yenyewe ni mvuke wa gundi na plastiki, na jua letu la pwani huuzidisha. Mimi nililipanda mara moja tu, kichwa kikaniuma.

Usiku mmoja mama muuza samaki alibisha hodi, mtoto mgonjwa mgongoni, kanga yake ikinuka shombo. Jirani alisimama kidogo, funguo mkononi. Kisha akasema, “Ingia, mama.” Wakavuka daraja la Nyali kwenda hospitali, vioo vyote vimeshushwa.

Mtoto alipona. Shombo haikutoka upesi, wala jirani hakuitafutia dawa.