Zahanati Moja kwa Mgeni na Mwenyeji



Mei 2015 kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, kilielemewa. Kagunga kipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa na Burundi. Milima imekibana upande wa nchi kavu, kwa hiyo njia ya kutegemewa ni ya majini. Kwa wiki chache tu, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko kwao walijazana pale, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Vyoo havikutosha. Watu walichota maji ya kunywa palepale walipooga na kufulia. Kipindupindu kikalipuka. Maelfu waliugua na zaidi ya 30 wakafariki dunia. Wengi walikuwa wakimbizi, lakini wenyeji nao walizika watu wao.

Tangu hapo wapo wanaosema kwamba wakimbizi wanatuletea maradhi. Kauli hiyo naipinga. Kipindupindu kililetwa na uchafu wa maji na uhaba wa vyoo, na maji ya ziwa lile waliyanywa wote, mgeni na mwenyeji. Kilipungua pale maji yalipotiwa dawa, wagonjwa wakapewa maji ya chumvichumvi na dripu, na baadaye chanjo ya kunywa ikatolewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Asingepona Mha, mwenyeji wa Kagunga, huku Mrundi aliye jirani yake akiachwa anaharisha ufukweni.

Nao wageni wametusaidia kujikinga. Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki. Alikuja na gitaa la kwao. Hapa akaimba kwa Kiswahili shida za walalahoi wa mjini, na mashabiki wakamwita Dokta. Ukimwi ulipoanza kutumaliza, na wengi wetu tukiona haya hata kuutaja, akatunga “Mambo kwa Soksi”, wimbo wa kuhimiza kondomu. Radio ya taifa ilikataa kuupiga. Ukapigwa kumbini, watu wakaucheza na kuusikia ujumbe. Mgeni huyo alisema jambo ambalo sisi wenyeji tulilifunika, na leo ukipanda daladala ya Sinza utamsikia konda akiita kituo cha “kwa Remmy”.

Turudi Kigoma. Kiha cha wenyeji na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mama wa Kirundi akimleta mtoto mwenye homa, muuguzi Mha anamwelewa bila mkalimani: homa imeanza lini, mtoto ananyonya, anatapika. Hiyo ni hazina ambayo hospitali nyingi duniani zinaitafuta kwa fedha. Katika masoko ya pamoja ya wakimbizi na wanakijiji, mkimbizi alikuwa akiuza sehemu ya unga au mafuta ya mgao ili apate ndizi, muhogo na dagaa wa mwanakijiji. Masoko hayo yalipofungwa, familia za pande zote mbili zilipungukiwa: huku chakula cha kubadilisha mlo, huku fedha ya kununulia sare za shule.

Hospitali za kambini nazo zimewatibu wanakijiji wa jirani kwa miaka mingi. Lakini kambi hufungwa. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Sasa fedha za wahisani zinapungua na Warundi wanarejeshwa kwao. Basi tujiulize: mama wa kijiji aliyezoea kujifungulia hospitali ya kambi ataenda wapi?

Maoni yangu ni haya. Kila fedha inayotolewa kwa afya ya wakimbizi iimarishe pia zahanati na vituo vya afya vya serikali vilivyo jirani, ili kambi ikifungwa, vitanda, maji na dawa vibaki kwa wananchi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wachaguliwe pande zote mbili na wafundishwe pamoja. Vyandarua vigawiwe kambini na vijijini kwa wakati mmoja, kwani Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na mbu aliyemuuma mgonjwa kambini atamuuma na mtoto wa kijijini. Na masoko ya pamoja yafunguliwe, yakiwa na ulinzi na usimamizi mzuri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona mgeni naye akitibiwa, akilishwa na kusikilizwa. Naiomba serikali, nawaomba wahisani, na nakuomba wewe unayenisikiliza ukiwa Kasulu, Kibondo au Kakonko: kikao cha kijiji kikiitwa kujadili maji na zahanati, waalikeni na wawakilishi wa kambi, waketi nanyi, wapange nanyi.