Moshi wa Karai

Msikilizaji, saa hii hii ninapozungumza kuna karai la mafuta limeinjikwa motoni, na aliyeliinjika amesimama na kitunguu kilichokatwa, anasubiri. Anasubiri nini? Anasubiri mafuta yatoe moshi. Amekuzwa akiambiwa kwamba mafuta yasiyotoa moshi hayajaiva, na mchuzi wake utanuka ubichi. Basi moshi wa kibuluu unapanda, macho yanawasha, koo linakereketa, mtoto aliyebebwa mgongoni anapiga chafya, ndipo kitunguu kinatumbukizwa. Nalisema jambo hili kwa sababu wanawake ambao hawajagusa sigara maisha yao yote wanaendelea kukohoa mwaka hadi mwaka, na watu wa nyumbani kwao wanaendelea kusema ni baridi, ni vumbi, ni mafua ya msimu. Baridi gani hiyo ya kuanzia Januari mpaka Desemba, tena Dar es Salaam?

Kinachowasha macho kina jina. Mafuta ya kupikia yakizidishiwa moto huvunjika, na gliserini iliyomo ndani yake hugeuka kuwa akrolini, kemikali kali inayopanda pamoja na moshi. Jicho likichomwa na akrolini hufumba na kutoa machozi. Pafu halifumbi. Njia ya hewa kuelekea mapafuni imetandazwa seli zenye vinyweleo vidogo mno, vinavyopiga kasia usiku na mchana kusukuma makohozi na uchafu kurudi kooni. Akrolini huvilegeza vinyweleo hivyo, na ikizidi huua seli zenyewe. Uchafu hubaki palepale, na kikohozi hulazimika kufanya kazi ambayo vinyweleo vimeshindwa kuifanya. Anayekunywa tangawizi na limau asubuhi, kisha akarudi kuinama juu ya karai lilelile, anakituliza kikohozi huku akikilisha.

Na hapo bado hatujafika chini. Moshi huo una chembe ndogo kuliko unene wa unywele kwa mara ishirini na zaidi, ambazo hupita pua, hupita koo, zikatua kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kupindukia. Chembe hizo hubeba benzopireni, kemikali ambayo imo pia katika moshi wa sigara na wa kuni. Seli ya pafu ikiipokea huichukulia kama taka ya kuoshwa: huanza kuibadilisha ili iyeyuke kwenye maji na kutoka mwilini. Katikati ya kuosha huko, benzopireni hugeuka kuwa kitu kinachojibandika kwenye DNA, yaani kwenye maelekezo ambayo seli huyafuata inapojizalisha. Kwa hiyo seli inadhurika kwa juhudi yake yenyewe ya kujisafisha. Mara nyingi huweza kulirekebisha kosa. Lakini pika mara mbili kwa siku kwa miaka thelathini, uone ni makosa mangapi yanayohitaji kurekebishwa. Moja likipita, likanakiliwa kutoka seli hadi seli, saratani inaweza kuanzia hapo.

Yupo atakayeuliza ushahidi huu umetoka wapi, na ana haki ya kuuliza. Watafiti wa Taiwan walikusanya moshi wa mafuta ya kupikia, wakauweka kwenye seli za mapafu ya binadamu zilizokuzwa maabara, na DNA ya seli hizo ikaonekana kuharibika. Utasema seli ya maabara si mtu mzima anayepumua. Ni kweli, na kama tungekuwa na maabara peke yake nisingepaza sauti kiasi hiki. Lakini hukohuko Taiwan waliwachunguza wanawake wasiovuta sigara, wenye saratani ya mapafu na wasio nayo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliozoea kusubiri mafuta yatoe moshi ndipo watie chakula walikuwa na hatari kubwa zaidi. Ni kusubiri kulekule kwa jikoni kwako! Mwaka 2006 wataalamu walioitwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kukaanga kwa moto mkali katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, na moshi wa kuni wa majumbani kundi hilohilo. Neno yamkini lisikufanye ulale. Ni neno la watu waangalifu, na halimaanishi ruhusa.

Pingamizi ninalolisikia kuliko yote ni la bibi: bibi alipikia kuni na kaishi miaka tisini. Bibi huyo tunamtaja kwa kuwa aliishi. Ndugu zake waliokufa wachanga kwa nimonia hawapo wa kutoa ushahidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Isitoshe, bibi wengi walipikia uani au kwenye banda la makuti ambalo upepo hupita. Wewe unapikia kwenye chumba cha matofali, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu, mlango umerudishwa ili jirani asisikie harufu. Tazama dari yako: ule weusi unaonata ni sehemu tu, mwingine umepitia kifuani mwako.

Mwingine atasema ameshahamia gesi, hivyo maneno haya hayamhusu. Tanzania ilizindua mkakati mwaka 2024 wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mafuta hayajui kilichoko chini ya karai. Yakiungua juu ya gesi yatatoa akrolini ileile, na yale meusi ya kukaangia chipsi, yaliyorudiwa siku ya tatu, huanza kutoa moshi mapema kuliko mapya. Kuhusu kuwashia jiko kwa mfuko wa plastiki, au kuingiza jiko la mkaa chumbani mkalala nalo, sitapoteza muda: acheni, leo.

Na kuupunguza moshi kunasaidia. Huko Xuanwei, wilaya ya China iliyojulikana kwa saratani ya mapafu ya wanawake wasiovuta sigara, familia zilichoma makaa ya mawe ndani bila dohani. Walipoweka majiko yenye dohani, saratani ilipungua kwa karibu nusu, ingawa ilichukua miaka kama kumi kuonekana. Moshi ulipewa njia ya kutokea, basi. Najua nyumba ya kupanga haina dohani, na mwenye nyumba hatatoboa ukuta kwa ombi lako. Ila kutosubiri moshi hakugharimu hata shilingi, kunakuokolea mafuta. Tia kipande kimoja cha kitunguu: kikizungukwa na mapovu madogo, mafuta yameiva, tia vilivyobaki. Moshi ukishatoka umechelewa, epua karai na urudi nyuma. Mtoto ashushwe mgongoni akae uani na mwenziwe. Na dirisha liwe wazi, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka karai lipoe.