Ukuta Ujengwe Kabla Mpangaji Hajaingia



Wilaya ya Mbinga ya zamani ilianzia kwenye milima ya Umatengo ikateremka hadi mchangani, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 2012 ikamegwa, Wilaya ya Nyasa ikazaliwa, na makao yake makuu yakawa Mbamba Bay. Mji wa Mbinga nao ukapata halmashauri yake. Basi pale palipokuwa na halmashauri moja leo zipo tatu, na kila moja ina mkurugenzi wake, mapato yake na siri zake.

Zamani siri hizo zingekaa katika kabati la chuma, na ufunguo ungening'inia kiunoni mwa karani. Siku hizi kabati liko mbali. Ushuru wa kahawa, leseni ya duka, orodha ya wagonjwa wa zahanati, yote haya yanazidi kuhamia ndani ya kompyuta kubwa ziitwazo seva. Nazo seva mara nyingi hupangwa pamoja katika kituo kimoja, kama kile Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Mbamba Bay.

Sina ugomvi na jambo hilo. Umeme usiokatika, mashine za kupoza hewa, walinzi na njia nene ya mkonga ni gharama ambazo halmashauri moja haiziwezi. Kupanga nyumba si aibu. Ninachouliza ni hiki: wapangaji wakishakuwa wengi chini ya paa moja, ni nani anayejenga kuta, na anazijenga lini?

Zipo namna mbili za kupanga. Ya kwanza, seva moja hugawanywa vyumba vingi. Humo ndani hukaa programu inayofanya kazi ya mwenye nyumba: inawagawia wapangaji nafasi na kuwazuia wasichunguliane. Ya pili, mpangaji hupewa seva nzima, kuanzia sakafu hadi dari, haina programu ya mtu mwingine ndani yake. Hii mimi nitaiita seva tupu. Wanaoipenda ni wale wenye kazi nzito, au wale wasiotaka kabisa kukaa mashine moja na jirani. Wanasema ni salama zaidi, na kwa upande mmoja wana haki.

Lakini tazameni kinachopotea. Mwenye nyumba hayumo tena ndani. Mpangaji ndiye mfalme wa mashine ile, na anaweza kuiamuru iseme lolote kwenye waya. Ukuta wa ndani haupo, kwa hiyo lazima ujengwe nje, pale waya unapoingia kwenye kile kisanduku cha kugawia mawasiliano kiitwacho swichi. Nimeona watu wakilipia seva nzima kwa ajili ya usiri, kisha wakaichomeka kwenye waya mmoja na kila mtu. Ni sawa na kukodi nyumba nzima halafu ukaoga uani.

Hatari iko mwanzoni kabisa, mashine inapozaliwa. Seva tupu inapowashwa kwa mara ya kwanza haina kitu kwenye diski. Haijui jina lake wala kazi yake. Hupiga kelele kwenye waya: nani atanipa anwani, nani atanipa programu ya kuanzia? Kwa kawaida humwamini anayewahi kumjibu. Anayestahili kujibu ni kituo. Lakini kama waya ni mmoja kwa wote, jirani mwenye nia mbaya naye anasikia, naye anaweza kuwahi. Hapo seva ya halmashauri itaanza maisha yake ikiwa imenyonyeshwa na mwizi, na hakuna nywila itakayoponya hilo baadaye.

Mafundi wanaijua dawa yake. Kila mlango wa swichi hupewa namba ya mtaa, na swichi hairuhusu furushi la mtaa mmoja kuingia mtaa mwingine. Mashine inayoandaliwa huwekwa kwanza katika mtaa wa kuandaliwa, ambako hakuna mpangaji yeyote. Ikishapandikizwa programu yake, mlango huhamishwa kwenye mtaa wa mpangaji. Mpangaji akihama, mlango hurudishwa, safari hii kwenye mtaa wa usafi, diski zifutwe kabla mtu mwingine hajakabidhiwa. Zamani kazi hii ya kuhamisha milango ilifanywa kwa mkono, fundi na daftari lake, na mkono huchoka usiku. Tangu mwaka 2016 programu huria iitwayo Ironic, ya mradi wa OpenStack, inaweza kuiamuru swichi yenyewe ifanye hivyo kwa kila mpangaji. Kwa hiyo kisingizio cha ugumu kimepungua.

Mtaniambia mitaa itakwisha. Kanuni ya zamani ya namba hizi inatumia biti 12, na mitaa inayotumika ni 4,094. Kanuni nyingine, iliyochapishwa mwaka 2014, inatumia biti 24 na kutoa mitaa zaidi ya milioni 16. Vituo vikubwa vya Marekani vinaihitaji. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Muuzaji akija na vitambaa vyake kutuambia hatuwezi kuanza bila mitambo ya milioni 16, tumkaribishe chai, kisha tumwonyeshe mlango.

Wakulima wa Umatengo wanaolima ngolo wataniambia sijasema jambo jipya. Kwenye mteremko mkali nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, likabaki shimo katikati na tuta pande zote. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, na udongo wa shamba la juu hauporomoki kwenye maharage ya jirani. Matuta hutangulia, mbegu hufuata. Hakuna anayepanda kwanza, akangoja gharika, ndipo akatafute jembe.

Lipo jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Ndani ya seva kubwa mna kompyuta nyingine ndogo, ya msimamizi, ambayo huwa macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Kwa njia hiyo fundi aliye mbali huwasha, huzima na hubadilisha mambo. Waya wake unatakiwa uwe mtaa wa peke yake, asioufikia mpangaji yeyote. Na hata hivyo haitoshi.

Mwaka 2019 kampuni ya Marekani iitwayo Eclypsium ilieleza jaribio lake. Ilikodi seva tupu kutoka IBM. Katika programu ya ile kompyuta ndogo ikabadilisha biti moja tu, ikaongeza na jina la mtumiaji, kisha ikairudisha seva. Baadaye ikaikodi tena mashine ile ile. Jina la mtumiaji lilikuwa limefutwa. Ile biti iliyobadilishwa ilikuwa bado ipo. Maana yake, nyumba ilifagiwa lakini kufuli halikubadilishwa, na mpangaji wa kwanza angeweza kuwa na nakala ya ufunguo. IBM iliupa udhaifu huo daraja la chini la hatari, lakini ikaamua kuandika upya programu hizo kabla ya kuwapa mashine wateja wengine. Kama liliwezekana kwa kampuni yenye uzoefu wa miaka zaidi ya mia moja, sioni kwa nini kwetu tulale usingizi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde. Mama wa Lituhi aliyetaja ugonjwa wake kwa mganga hakutia saini mkataba na kituo cha data. Alimwambia mganga. Kwa hiyo mkurugenzi asijitetee kwamba waya si wake.

Naomba basi, kabla halmashauri haijapokea seva tupu, mtu wake wa kompyuta aende na laptopu yake, aichomeke kwenye mlango ule ule waliopangiwa, asikilize kwa saa moja. Kisha aombe hati inayoonyesha diski zilifutwa lini, na programu ya ile kompyuta ndogo iliandikwa upya lini. Akisikia sauti ya mpangaji mwingine kwenye waya, au hati ikikosekana, mashine isipokelewe na ankara isilipwe.