Kutafuta Simboli Ndani ya Moduli za Kerneli: Kufuli Lishikwe Lini, Liachiwe Lini

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi wa TEHAMA, Chemba, Dodoma



Mada hii inahusu sehemu ndogo ya kerneli ya Linux ambayo sote tunaitegemea, ingawa ni nadra kuijadili: jinsi kerneli inavyotafuta simboli ndani ya moduli, na ulinzi unaotakiwa wakati wa kutafuta. Nimeichagua kwa ajili ya wilaya kama hii yetu. Fundi mmoja anahudumia ofisi zilizotawanyika kutoka Kwamtoro na Farkwa hadi Mrijo, na mashine ikianguka Sanzawa itakaa hivyo hivyo mpaka afike. Hitilafu za kufuli ndizo mbaya kuliko zote kwa fundi wa namna hii. Hujitokeza mara moja kwa miezi kadhaa, mashine ikiwashwa upya hazionekani tena, na lawama yote inabebeshwa umeme.

Tuanze na kitu tunachokishika mikononi. Ofisi inayopata intaneti kwa modemu ya USB yenye laini ya simu hutumia moduli iitwayo option. Moduli hiyo haijitoshelezi. Inaita funksheni zilizomo katika usb_wwan, na hizo zinategemea usbserial. Jina la kila funksheni inayotolewa kwa wengine, pamoja na anwani yake kwenye kumbukumbu, ndilo simboli. Ukiandika lsmod utaona usbserial imeandikwa pembeni kwamba inatumiwa na usb_wwan na option. Ukijaribu kuiondoa kwa rmmod, kerneli inakataa. Kukataa huko si adabu tu. Kama usbserial ingeondoka huku option ingali inashikilia anwani zake, modemu ingepokea data na prosesa ingerukia mahali ambapo msimbo haupo tena.

Zamani kazi ya kuoanisha majina na anwani ilifanywa nje ya kerneli, na programu ya insmod. Mwaka 2002 Rusty Russell, mwanaprogramu wa Australia, aliandika upya mfumo wa kupakia moduli na kuihamishia kazi hiyo ndani ya kerneli yenyewe. Watu waliutumia mfumo huo kwa wingi kuanzia toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003. Tangu hapo swali la nani ameshika kufuli wakati wa kutafuta limekuwa la kerneli, na majibu yake yamebadilika mara nyingi.

Kerneli ina orodha ya moduli zote zilizopakiwa. Anayetaka kuongeza au kuondoa moduli lazima ashike kufuli liitwalo module_mutex. Hilo ni kufuli la kulala: ukilikuta limeshikwa na mwingine, unalazwa mpaka liachiwe. Anayetafuta tu anaruhusiwa njia nyepesi zaidi. Kwa muda mrefu funksheni ya ndani iitwayo find_symbol ilimtaka anayeiita afanye moja kati ya mawili: awe ameshika module_mutex, au awe amezuia prosesa isinyang'anywe na kazi nyingine. Katika matoleo mapya njia hii ya pili imechukuliwa na usomaji wa RCU, utaratibu ambao wasomaji hawafungi chochote, lakini anayefuta lazima asubiri mpaka kila msomaji aliyekuwa ameshaanza amalize.

Watu wengi huishia hapo wakadhani wameelewa. Wanajua kwamba orodha isisomwe bila ulinzi, kwa hiyo wanashika kufuli, wanatafuta, wanapata anwani, wanaachia kufuli na kurudisha anwani kwa aliyeiomba. Orodha imesomwa salama, lakini anwani iliyorudishwa si salama hata kidogo. Mara tu kufuli linapoachiwa, prosesa nyingine inaweza kuanza rmmod, ikakuta hakuna anayehesabiwa kuitumia moduli ile, ikaiondoa na kuirudisha kumbukumbu yake kwa matumizi mengine. Aliyeomba anwani atakuja kuiita baadaye kidogo. Dai langu katika mada hii ni hilo tu: kufuli la kutafutia linalinda kutafuta, halilindi matokeo. Matokeo yanahitaji ulinzi wake, na ulinzi huo lazima uanze kabla ule wa kwanza haujaachiwa.

Wakulima wa ufuta na korosho nchini wanaifahamu vizuri hali hii kupitia stakabadhi ghalani, utaratibu uliowekewa sheria mwaka 2005. Kuambiwa na mtunza ghala kwamba gunia liko rafu ya tatu hakukupi haki juu yake. Likitolewa kabla hujafika, huna pa kulalamika. Ukiwa na stakabadhi, gunia halitoki mpaka stakabadhi irudi. Ndani ya kerneli, stakabadhi ni hesabu ya watumiaji wa moduli, na anayeikata ni try_module_get.

Kwa hiyo njia sahihi ya kuomba simboli wakati mashine inafanya kazi ni symbol_get. Inatafuta ikiwa ndani ya ulinzi. Kabla haijatoka inaongeza hesabu ya moduli yenye simboli, na ndipo inaporudisha anwani. Hesabu ikishindwa kuongezwa, kwa sababu moduli inaondoka au haijamaliza kujiandaa, mwombaji anapewa jibu tupu. Akimaliza kutumia anaita symbol_put. Kwa utegemezi wa kawaida, kama ule wa option na usbserial, kerneli hufanya hivyo yenyewe wakati wa kupakia, na ndiyo maana lsmod inaweza kutuonyesha nani anamtegemea nani.

Upande wa kuondoa una zamu yake. Zamani, ili kuwa na hakika kwamba hesabu ni sifuri na haitapanda wakati inakaguliwa, kerneli ilisimamisha prosesa zote kwa muda. Ilikuwa salama, ila kwa gharama kubwa. Toleo la 3.19 la mwaka 2015 liliacha kufanya hivyo, kwa kazi ya Masami Hiramatsu. Hesabu ikawa ya atomiki, moduli inatolewa kwenye orodha, RCU inasubiriwa, na kumbukumbu inaachiwa mwisho kabisa. Mpangilio huo hauwezi kugeuzwa.

Kisa cha mwaka 2007 kinafundisha kuliko maelezo yangu yote. Kila programu ina faili la /proc liitwalo wchan, linaloonyesha jina la funksheni ya kerneli ambamo programu hiyo imelala. Alexey Dobriyan aligundua kwamba kusoma faili hilo wakati moduli inaondolewa kunaweza kuisomesha kerneli kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Kutafuta kwenyewe kulipitia orodha ya moduli bila kushika kufuli. Tatizo lingine lilikuwa kwamba kilichorudishwa ni pointa ya jina, na jina lenyewe linaishi ndani ya kumbukumbu ya moduli. Moduli ikiondoka, jina linaondoka nayo, na mchapaji anabaki akisoma hewa. Hitilafu kama hiyo ilikuwamo pia katika faili la kallsyms na la slab_allocators. Dawa yake ilikuwa kutafuta huku module_mutex imeshikwa, na kulinakili jina kwenye bafa ya aliyeomba kabla ya kuliachia kufuli hilo. Naipenda sana dawa hii, kwa sababu haikutegemea kufuli jipya. Kutafuta na kunakili kulihamishwa kutoka nje ya ulinzi na kuingizwa ndani.

Kisa cha pili ni cha 2010, nacho kinaonyesha hatari ya upande wa pili: kushika kufuli kupita kiasi. Draiva ya kadi ya mtandao ilikuwa inapakiwa na ilihitaji simboli kutoka libcrc32c. Libcrc32c ilikuwa bado inajiandaa, kwa hiyo draiva ikasubiri, huku imeshika module_mutex. Katika kujiandaa kwake, libcrc32c iliiomba kerneli ipakie moduli nyingine ya kukokotoa crc32c. Kupakia moduli kunahitaji module_mutex. Kila mmoja akawa anamngoja mwenzake. Kerneli ilingoja sekunde 30, ikaandika kwamba imekata tamaa, na mashine ikawaka bila mtandao. Marekebisho ya Russell yalikuwa kuachia kufuli kabla ya kusubiri, kusubiri ukiwa huna kitu mkononi, kisha kushika kufuli tena na kutafuta upya tangu mwanzo. Msisitizo uko kwenye kutafuta upya. Matokeo ya kabla ya kulala hayafai tena baada ya kuamka, kwa sababu katikati hapo orodha inaweza kuwa imebadilika yote.

Kuna hali moja ambamo kanuni hizi zinalegezwa kwa makusudi. Kerneli ikipata ajali, huchapa mfuatano wa funksheni zilizoitana hadi hapo, na ili ichape majina lazima itafute simboli. Lakini huenda ajali imetokea kwenye uzi uleule ulioshika module_mutex. Ukijaribu kulishika tena hapo, mashine itaganda kabla haijaandika hata mstari mmoja wa kumsaidia fundi. Kwa sababu hiyo njia ya kutafuta wakati wa ajali haishiki kufuli kabisa; huzuia tu kunyang'anywa kwa prosesa, au husoma kwa RCU. FreeBSD imefikia uamuzi uleule kwa njia ya wazi zaidi. Huko orodha ya moduli inalindwa na kufuli la kulala liitwalo kld_sx, na kando yake kuna funksheni maalumu za kitatuzi cha kerneli zenye ddb katika majina yao, ambazo hazifungi chochote. Mimi naona mtindo wa FreeBSD ni bora kwa anayejifunza, kwa kuwa jina la funksheni peke yake linamwonya kwamba njia hii si ya matumizi ya kila siku.

Nigeukie sasa draiva zinazotufikia kutoka kwa wauzaji. Kwa miaka mingi baadhi yao walitumia kallsyms_lookup_name, funksheni inayokupa anwani ya simboli yoyote ya kerneli, hata ile ambayo haikutolewa kwa matumizi ya moduli. Mjadala mwingi ulihusu leseni, na ni haki ujadiliwe. Kwa fundi wa wilayani, jambo zito zaidi ni kwamba funksheni hiyo haiongezi hesabu ya mtumiaji yeyote. Inakupa anwani na kukuacha. Toleo la 5.7 la mwaka 2020, kwa kazi ya Will Deacon, liliifunga isitumiwe tena na moduli. Mwaka 2023 symbol_get nayo ilibanwa, ikabaki kwa simboli zilizotolewa chini ya masharti ya GPL pekee. Mashine zetu nyingi, hata hivyo, bado zinaendesha kerneli za zamani, na huko mlango uko wazi.

Upimaji hauhitaji maabara. Tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006 kerneli inayo lockdep, iliyoandikwa na Ingo Molnar, ambayo hufuatilia mpangilio wa makufuli na kutoa onyo pale mkwamo unapowezekana, hata kama haujatokea bado. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015 ipo KASAN, ambayo hukamata matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Kompyuta moja ya mezani iliyostaafishwa ofisini inatosha. Jenga kerneli yenye zote mbili, kisha pakia na uondoe draiva unayoitilia shaka mara nyingi mfululizo, huku programu nyingine ikisoma kallsyms na wchan bila kupumzika. Usifanye hivyo kwenye seva inayohudumia watu, kwa sababu zote mbili hupunguza sana kasi ya mashine.

Ombi langu kwenu, wenzangu, ni la kutekelezwa kabla hatujakutana tena. Kila mwenye draiva iliyokuja na msimbo wake kutoka kwa muuzaji aufungue na atafute kallsyms_lookup_name na symbol_get. Pasipo na symbol_put ya kujibu kila symbol_get, au palipo na anwani iliyohifadhiwa kwa matumizi ya baadaye bila kuongeza hesabu ya moduli, andikeni barua kwa muuzaji, mkitaja faili na mstari. Draiva hiyo isiwekwe kwenye mashine ya ofisi yoyote mpaka irekebishwe.