Nani Apimwe Kwanza?

Mazungumzo ya mtaalamu wa maabara na wanafunzi wa kidato cha tatu

Naanza na swali. Mume na mke wameoana miaka mitatu, hawajapata mtoto. Mtaani wanasemwa vibaya nani? Haya, mmejibu kwa sauti moja: mke! Sasa twendeni maabara.

Damu ya yule mama imefika kwenye kichupa chenye karatasi ya mistari myeusi, kama ile ya pakiti ya biskuti. Mashine inaisoma mistari, inajua damu ni ya nani na ipimwe nini. Tuseme ni homoni ya FSH, ile inayokuza mayai. Sindano inashuka, inanyonya damu kidogo sana na kuichanganya na kingamwili, yaani askari wanaokamata homoni hiyo tu. Wamebebeshwa kitu kinachotoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, homoni ni nyingi. Kuna mashine zinazotoa jibu kwa dakika 18! Miaka ya 1960 kazi hii ilifanywa kwa mkono na kwa vitu vyenye mnururisho, njia iliyobuniwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani. Ilichukua siku kadhaa.

Lakini mashine haijui damu ilitolewa lini. FSH hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 tangu hedhi ianze. Tena dozi kubwa ya biotini, vile vidonge vya nywele na kucha, inaweza kuvuruga majibu kwenye baadhi ya mashine. Ukiulizwa maswali mengi, basi, usinune.

Na mirija ya uzazi iliyoziba? Homoni hazioneshi. Mirija huweza kuzibwa na klamidia au kisonono ambacho hakikutibiwa, na msichana anaweza asisikie dalili yoyote. Hapo inatakiwa picha ya eksirei yenye dawa maalumu. Hili linawahusu ninyi sasa hivi, si mpaka muoe au muolewe. Ukiwa na wasiwasi nenda kapime, dawa zipo.

Sasa baba yuko wapi? Kwa hadubini, mtaalamu anatakiwa kuhesabu mbegu zisizopungua 200, halafu arudie kwenye tone jingine. Na mbegu hazitulii, jamani! Macho yanachoka. Siku hizi kuna kamera na kompyuta inayofuata kila mbegu na kupima mwendo wake. Hata hivyo huweza kudhani uchafu ni mbegu, kwa hiyo lazima mtu aangalie. Majibu yakiwa mabaya hurudiwa. Mbegu hutengenezwa kwa miezi miwili na nusu hivi, na homa kali ya mwezi uliopita yaweza kuzipunguza.

Kikwazo kikubwa nilichokiona mimi si mashine. Nimempima mama mmoja homoni mara nne, mumewe hajashika kikopo hata mara moja. Alisema yeye ni mzima, ana nguvu za kiume. Nguvu hizo hazisemi lolote kuhusu idadi ya mbegu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo nani apimwe kwanza?" Nikamjibu: waje siku moja, wote wawili. Kipimo cha baba hakina sindano. Anatakiwa tu awe hajatoa shahawa kwa siku 2 hadi 7, na kikopo kitufikie ndani ya saa moja.